Wagonjwa wa Mama Homa

Shemeji yangu alikuwa daktari kwa miaka tisa, halafu akaja akaambiwa si daktari. Alisomea nje, akafanya kazi huko huko, akazalisha wanawake, akashona majeraha, akafumba macho ya waliokufa. Mama mkwe alipofariki, shemeji akasema hana tena sababu ya kukaa mbali na dada yake, akarudi na sanduku moja la nguo na mawili ya vitabu. Baraza la madaktari likamwambia: vyeti vyako tumeviona, hongera, sasa fanya mtihani kama wenzako waliosomea nje.

Basi akahamia kwetu. Mimi ni mwoka mikate. Naingia bekari watu wamelala na natoka jua likiwa limeshapanda, kwa hiyo mchana niko nyumbani. Mke wangu, ambaye ndiye dada yake, anapiga pasi mashuka kwenye udobi wa hoteli na hurudi jioni. Mchana tulibaki wawili tu, yeye na vitabu vyake mezani, mimi na usingizi wangu kwenye kochi.

Mtihani wa kuandika aliupita bila jasho. Kulikuwa na wa pili, wa vitendo. Unaingia chumba kimoja baada ya kingine, na katika kila chumba amekaa mtu mzima kabisa, hana hata mafua, amelipwa ajifanye mgonjwa. Una dakika nane za kumhoji na kumpima, na msimamizi yuko pembeni anaandika. Huo ndio uliomwangusha. Walisema anajua kutibu ila hamwachi mgonjwa amalize sentensi.

"Miaka tisa nimeuliza watu wanaumwa nini kwa lugha ya wenyewe," alimwambia dada yake. "Sasa nikiuliza kwa Kiswahili najisikia kama nasoma tangazo."

Kweli tupu. Nilijitolea kuwa mgonjwa wake, nikalala kochini nimeshika tumbo. Akaniuliza, "Je, maumivu haya yanasambaa?" Nikamjibu, "Shemeji, kinachosambaa ni siagi." Akacheka, nami nikacheka, nikajifanya nakata roho, nikausia kochi wapewe watani zangu. Mke wangu alipotukuta hivyo kwa mara nyingine akavua viatu, akakaa, akatutazama.

"Hapa hapasomwi kitu," akasema. "Nendeni chini kwa Mama Homa. Si alikuwa anafanya kazi hiyo hiyo ya kuugua?"

Mama Homa aliishi peke yake chumba cha chini kabisa, karibu na mlango wa kuingilia jengoni. Kwa miaka mingi alikuwa mgonjwa wa kuigiza kwenye mtihani wa Baraza, mpaka magoti yakamkatalia akastaafu. Jina hilo alipewa na watu wa jengo, naye aliliitikia bila kununa. Jina lake la kweli sikumbuki mtu aliyewahi kumuuliza.

Chumba chake kilikuwa na kitanda kilichotandikwa shuka jeupe, limebanwa pembe zote kama la wodini, viti viwili vinavyotazamana, pazia la kijani na jiko dogo la gesi. Ukutani hapakuwa na picha wala kioo. Nilikwenda kama mshika saa, nimebeba saa ninayotegea mikate.

"Shikamoo mama," shemeji akasema.

"Marahaba. Tokeni nje, mfunge mlango. Mkipiga hodi mimi sitakuwepo."

Tukatazamana, tukatoka. Shemeji akapiga hodi. Sauti iliyotukaribisha ilikuwa ya msichana.

Tulipoingia, yule mama mwenye mwili wake na miaka yake alikuwa amekaa kwenye kiti kile kile, lakini naapa hakuwa yeye. Alikuwa amejikunyata kama mtoto wa shule, meno yanagongana, midomo imekauka. Shemeji akamhoji kwa haraka haraka zake, akamkatisha mara tatu, kisha akamwekea kipimajoto kwapani, kwa kufuata utaratibu tu. Alipokitoa akakikung'uta, akakirudisha. Akakitazama tena. Saa yangu ikalia. Mama Homa akanyoosha mgongo, akavuta bakuli la karanga.

"Umefeli," akasema huku anatafuna. "Usiniulize kama maumivu yanasambaa. Niulize yanakwenda wapi. Halafu nyamaza. Kila mgonjwa ana neno moja analoliogopa, na huliweka mwisho. Ukimkatisha, ataondoka nalo."

Kwenye ngazi shemeji akanishika mkono. "Alikuwa na homa ya thelathini na tisa. Tulipokuwa tunaaga nimempima tena, hana kitu. Mtu anaweza kuigiza kila kitu, shemeji, lakini haigizi kipimajoto."

"Labda kipimajoto chenyewe ni kibovu."

"Labda," akasema. Jioni ile alijipima mwenyewe, akanipima mimi, akampima dada yake. Kilikuwa kizima.

Tuliendelea kwenda kila mchana. Mtu mwenye mtihani mbele yake hachagui mwalimu, na mwalimu huyu alijua kazi. Shemeji alianza kubadilika. Alijifunza kuweka mikono mapajani na kusubiri. Alijifunza kusema "pole" na kuiacha ikae. Mimi nilijifunza kutokutazama uso wa Mama Homa pale mlango unapofunguliwa, kwa sababu kuna kitambo kidogo, kabla mgonjwa hajatulia vizuri usoni mwake, ambapo hapakuwa na mtu kabisa.

Siku moja shemeji akamuuliza habari za wagonjwa hao anazitoa wapi, kama bado ana karatasi za mitihani ya zamani.

"Zamani walinipa karatasi, nikakariri," Mama Homa akasema. "Tangu nistaafu sina karatasi. Wanakuja wenyewe. Naosha vyombo, mara nasikia mguu si wangu."

Nilidhani anatania. Sisi watu wa bekari tunataniana asubuhi mpaka mikate inaungua, kwa hiyo utani naujua. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Mchana uliofuata tulikuta mwanamume. Alikaa miguu imetanuka, mkono begani, sauti nzito. Akasema kazi yake ni kupaka rangi. Mguu wa kushoto umejaa na una moto, na siku hizi pumzi haimtoshi. Shemeji akanyamaza kama alivyofundishwa, na yule mtu akaangalia chini, akasema, "Nilizoea kupanda ngazi naimba, daktari. Sasa napanda nimenyamaza."

Pua yangu ndiyo inayonilisha. Unga uliovunda naujua kabla gunia halijafunguliwa. Chumbani mle palinuka rangi mbichi. Niliinama nikatazama chini ya kitanda. Hapakuwa na kopo wala brashi.

Haikupita wiki, mwenye nyumba akaleta fundi apake rangi kuta za ngazi. Tulikuwa tunapanda na shemeji, yeye na kikapu cha mboga, tukamkuta fundi amesimama katikati ya ngazi yake ya mbao anahema. Shemeji akampa pole ya kazi, akamuuliza kwa utani mbona fundi kimya hivi, mafundi wote huimba.

"Aa, dada," yule fundi akasema, "nilizoea kupanda ngazi naimba. Sasa napanda nimenyamaza."

Kikapu kilimponyoka. Nyanya ziliteremka ngazi moja baada ya nyingine mpaka mlangoni kwa Mama Homa, na hakuna aliyezifuata. Shemeji akamwomba fundi ashuke, apandishe suruali. Mguu wa kushoto ulikuwa umejaa, ngozi inang'aa.

"Mimi si daktari," akamwambia, na nilisikia jinsi neno lile lilivyomkwaruza koo. "Lakini nenda hospitali sasa hivi, si kesho. Waambie mguu, halafu waambie pumzi. Usisahau pumzi."

Fundi alikwenda. Walimlaza siku hiyo hiyo. Damu ilikuwa imeganda mguuni na vipande vimeanza kwenda kwenye mapafu. Mke wa fundi alikuja kutushukuru. Shemeji alipokea shukrani kama mtu anayepokea mzigo usio wake. Jioni aliteremka kumuuliza Mama Homa kama alikuwa anamfahamu fundi yule.

"Fundi gani?" Mama Homa akauliza. Na ngazi zote zilikuwa zinanuka rangi.

Ningekuwa mimi ningeacha. Lakini mtihani ulikuwa umekaribia, na shemeji akasema sadfa ni sadfa, sayansi inaziruhusu. Tukateremka tena.

Siku ile sikuhitaji kutazama. Mlango ulipofunguliwa tu nilipigwa na harufu ya shuka bichi chini ya pasi ya moto, mvuke na wanga. Ni harufu ninayolala nayo. Ni harufu ya shingo ya mke wangu.

Yule mwanamke kitini alikuwa anajisugua kifundo cha mkono wa kulia kwa kidole gumba, taratibu, pale mke wangu alipo na kovu la pasi. Mama Homa hana kovu hapo.

"Tumbo, daktari. Upande huu mmoja. Lilianza kama mzaha." Akanyamaza. Shemeji naye akanyamaza. Alikuwa anatazama kile kidole gumba. "Na bega. Bega linaniuma kama nimebeba mzigo, na sijabeba kitu."

"Hedhi yako ya mwisho?" shemeji akauliza, na sauti yake ilikuwa imeshuka sana.

"Imepita mwezi na zaidi. Sijamwambia mume wangu. Mbili zimeshatoka, na zote mbili alilia jikoni akidhani simsikii. Nataka nihakikishe kwanza, ndipo nimwambie."

Saa ilikuwa mkononi mwangu. Sikuisubiri ilie. Kuhusu kulia jikoni sikuwahi kumwambia mtu.

Tulikimbia. Sikumbuki tulivuka vipi barabara. Udobi wa hoteli uko nyuma, unapita kwenye mapipa. Tulimkuta mke wangu kwenye meza yake, kitambaa kichwani, anacheka na mwenzake, mzima wa afya. Aliponiona na aproni ya nyumbani akadhani kuna msiba.

"Dada, una mimba?" shemeji akamuuliza hapo hapo, mbele za watu.

Kicheko kikamtoka usoni. "Nani kawaambia?" Akanigeukia mimi, akamgeukia mdogo wake. "Sijamwambia mtu. Sijamwambia hata Mungu kwa sauti. Nani kawaambia?"

"Tumbo linauma?"

"Haliumi. Mdogo wangu, nini hiki?"

"Twende hospitali."

"Kwa ugonjwa gani? Nina mashuka hapa ya vyumba arobaini!"

Nilimshika mkono mmoja, shemeji mkono wa pili, naye anatutukana njia nzima kwa sauti ya chini ili watu wasijue. Mapokezi, kijana mmoja mwenye koti jeupe akauliza mgonjwa ana dalili gani. Shemeji akasema hana bado. Kijana akaweka kalamu chini.

"Wewe ni daktari?"

"Mimi ni mdogo wake."

"Basi mkae pale kwenye benchi, dada. Wenye maumivu kwanza."

Tukakaa. Mke wangu alikataa kunitazama. Shemeji alikuwa amekunja ngumi mapajani, anamtazama dada yake usoni bila kupepesa, kama mtu anayesubiri maziwa yachemke. Muda ulikwenda. Nilianza kuona haya, nikafikiria namna ya kumwomba radhi mke wangu, zawadi gani ingefaa. Ndipo akashika tumbo upande mmoja, akatoa kicheko kidogo cha kushangaa.

"Jamani," akasema. "Kama mzaha."

Rangi ikamtoka midomoni. Akajishika bega. Shemeji alikuwa ameshasimama anaita, na safari hii hakuita kama mdogo wa mtu. Yule kijana alikuja mbio na kitanda cha magurudumu. Mimba ilikuwa imetunga nje ya kizazi, na mrija ulipasuka tukiwa pale pale kwenye benchi, hatua chache kutoka chumba cha upasuaji. Daktari aliyempasua alituambia kama mke wangu angekuwa kazini au njiani, tusingemwahi. Tulimpoteza mtoto. Mke wangu alibaki.

Aliporudi nyumbani nilimsimulia yote. Nilitegemea aseme twende tukamshukuru yule mama. Akajifunika shuka hadi shingoni.

"Amenichukulia maneno yangu," akasema. "Yalikuwa kifuani kwangu, hayajatoka. Aliyapataje? Sitaki kumwona. Nikipita mlangoni kwake nitapita nimefumba macho."

Shemeji naye hakushuka tena. Alisoma peke yake, akawa anafanya mazoezi mbele ya kiti kitupu. Mimi nilipeleka mkate kila siku, nikauweka mlangoni kwa Mama Homa, nikaondoka kabla hajafungua. Si uungwana, najua. Jioni nilikuta mikate bado ipo, imerundikana.

Mtihani ukiwa umebaki siku chache, alipanda mwenyewe. Tulisikia magoti yake kwenye ngazi, hatua moja, mapumziko, hatua moja. Mke wangu alikuwa jikoni. Niliangalia mlango, nikamwangalia yeye, akasema, "Mfungulie. Mgeni hafukuzwi."

Mama Homa akaingia akashikilia ukuta. Sketi ilikuwa imekunjwa kiunoni na kubanwa pini mbili.

"Samahani wanangu," akasema. "Nina mmoja hataki kuondoka. Wengine huja wakapita. Huyu ana siku nyingi, hanipi usingizi. Nimesema nimlete kwa daktari, pengine akisikilizwa atakwenda zake."

Shemeji akamvutia kiti cha jikoni. Hakuna aliyekwenda nje kupiga hodi. Mama Homa alifumba macho, akayafumbua, na mimi nilisubiri kile kitambo cha uso usio na mtu. Hakikuja. Sauti haikubadilika. Harufu haikuja, ila ya karanga na sabuni ya kipande.

"Ni mwanamke mzee, daktari. Anakaa peke yake. Chakula kinamkwama hapa." Akagusa chini ya koo. "Kwanza ilikuwa mkate mkavu. Sasa hata uji. Nguo zinamkimbia mwilini. Anasikia mabomba ya maji ukutani mchana kutwa, anadhani ni watu wanaongea."

"Nani anampikia?" shemeji akauliza.

"Anajipikia. Lakini hali."

"Amemwambia nani?"

"Hana wa kumwambia. Watu huja kwake kusikiliza wengine." Akanyamaza muda mrefu, na shemeji akamwachia ukimya wote. "Anaogopa kufa bila mtu kujua ni nani aliyekufa."

Kisha akashusha pumzi, akajifuta midomo na kututazama kwa huruma, kama sisi ndio tuliofikwa. "Maskini," akasema. "Sijui anakaa wapi huyu. Mngemtafuta."

Bomba la jikoni lilikuwa linadondosha maji. Mke wangu, aliyeapa kutomwona, akakausha mikono, akaja akapiga magoti mbele ya kile kiti.

"Mama," akasema. "Huyo ni wewe."

"Mimi?" Mama Homa akacheka. "Mimi siumwi. Mimi kazi yangu tu." Akajaribu kutabasamu, akakosa mahali pa kuiweka mikono. Miaka yote ile ya kuugua kwa ustadi, na siku ya kuigiza uzima aliigiza vibaya kuliko mimi kochini.

Shemeji akamwomba ruhusa, akapapasa shingo, kushoto, juu ya mtulinga. Vidole vyake vikasimama juu ya kinundu. Aliviacha hapo kwa muda, taratibu, na mkono wa pili akamshika mkono.

"Muda umepita, daktari," Mama Homa akanong'ona. "Dakika nane zimekwisha."

"Leo hatukutega saa, mama. Jina lako nani? La kwako."

Akalitaja. Ilibidi alifikirie kwanza.

Hospitali walisema uvimbe umeshakaa muda mrefu, umepita koo na umeshuka. Wangeweza kumpunguzia maumivu, si zaidi. Shemeji alifanya mtihani wiki hiyo, akapita vyumba vyote. Kwenye kimoja msimamizi aliandika kwamba mtahiniwa alinyamaza mpaka mgonjwa wa kuigiza akatokwa na machozi ya kweli. Akapewa leseni, akapangiwa hospitali ile ile. Asubuhi alianzia kitanda cha Mama Homa kabla ya vingine vyote. Mke wangu mwenyewe alimpigia pasi mashuka yake, akampelekea.

Wauguzi waliomba ahamishiwe chumba cha peke yake. Wanawake wa vitanda vya jirani walilalamika kwamba yule mama anawajibia wanapoulizwa na daktari, na anajibu sawasawa.

Alifariki alfajiri moja ya kawaida, shemeji akiwa zamu. Muuguzi aliyekuwa naye alisema mwishoni hakulalamika koo hata kidogo. Alizungumza kwa sauti ya mwanamume, tena ya mtu mcheshi, akasema moto wa tanuri unamkalia kifuani siku hizi na mkono wa kushoto unakufa ganzi akibeba trei, ila asiambiwe mke wake. Muuguzi alimpangusa uso. Alisema chumba kilinuka mkate, mpaka akaenda dirishani kuangalia nani anauza.

Shemeji alikuja bekari moja kwa moja kutoka wodini, na koti lake jeupe, akapita katikati ya vijana wa unga bila kusalimu mtu. Akanikalisha juu ya gunia, akaniuliza, akasubiri. Nilitaka kumtania. Nikaona mikono yake ilivyotulia mapajani, nikashindwa.

Nilimwambia kweli: siumwi popote. Nimepimwa damu, nimepimwa moyo kwa mashine, nimekimbizwa kwenye mkanda wa mazoezi mpaka nikaona nyota. Hawajaona kitu. Shemeji hakubali, amesema niache kubeba trei na nirudi kila baada ya wiki chache. Trei nimewaachia vijana, nimebaki kwenye kukanda. Wakati mwingine nikiwa nimesimama mbele ya tanuri natega sikio ndani ya kifua changu, nasubiri, kama tulivyosubiri kwenye lile benchi.

Jumatatu narudi tena hospitali. Mke wangu ameshanipigia shati pasi, na hajaniuliza la nini.